Mtu Asiyepewa Jina



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tulikusudia kuendelea na tafakari yetu juu ya Sakramenti ya Kitubio, lakini jambo lililotokea katika sikukuu ya somo wa parokia yetu limetulazimu kuiweka kando kwa muda. Wengi wenu mlikuwapo. Baada ya Misa na chakula, vijana wetu walitupatia igizo la kuchekesha pale uwanjani, na kwa hakika lilichekesha. Palikuwa na mzee mwenye duka, binti yake aliyetaka kuolewa, mwalimu asiyejua namna ya kumposa, na palikuwa na "Mkongo": suruali imepandishwa hadi kifuani, kofia ya rangi tatu, uso uliopakwa mafuta ukang'aa kama sufuria mpya, Kiswahili cha kuvunja mbavu, na mkono usiotulia isipokuwa ndani ya mfuko wa mwenzake. Kila alipoingia, uwanja ulilipuka. Tulicheka sote. Sisi mapadre wenu, tulioketi mstari wa mbele chini ya turubai, tulicheka hadi tukafuta machozi, na hatutaki leo tujifanye kuwa tulikuwa tumeinamisha vichwa.

Siku chache baadaye tulipata habari kutoka jumuiya moja ya Kibirizi kwamba mama mmoja, ambaye hajawahi kukosa sala ya jumuiya, hakufika. Mwanawe, mtumikiaji wa altare, naye hakuonekana katika Misa ya asubuhi, wala ya siku iliyofuata. Mama huyo alivuka ziwa mwaka 1998, vita vilipowaka upya upande wa pili. Tulikwenda kumtembelea. Aliyotuambia tutayaeleza mbele kidogo. Kwanza mtuvumilie tuzunguke, kwa maana jambo hili lina njia ndefu kuliko uwanja wa parokia.

Sisi watu wa Kigoma mchezo huu tunaufahamu, ila tunaufahamu kutoka upande wa kuchekwa. Filamu za Kiswahili zilipoanza kuuzwa kwa wingi katika kanda na baadaye katika sahani, miaka ya 2000, tulizitazama kwa furaha katika vibanda vya video na majumbani, tukiona fahari kusikia lugha yetu. Lakini haikutuchukua muda kutambua kwamba kila kabila limekwisha kugawiwa kazi yake. Mmasai ni mlinzi wa geti. Mchaga anahesabu fedha. Mganga mwenye kaniki, kibuyu na macho mekundu, akiulizwa atokako, ni Kigoma, au kama mtunzi amechoka na Kigoma, ni Sumbawanga. Na Mha ni mbishi, ni mzito wa kuelewa, ni mtu wa kutumwa, na anapofungua kinywa watu wameshaanza kucheka kabla hajamaliza sentensi. Hata jina tunaloitwa kwa mzaha, "mwisho wa reli", linasemwa kana kwamba hapo ndipo na akili za watu zinapokomea.

Tulipokuwa seminarini, mbali na nyumbani, tulikuwa wachache kutoka mkoa huu. Zamu ya mmoja wetu kusoma somo la kwanza ilipofika, tuliona mabega ya wenzetu yakitikisika katika mabenchi, wakingoja r na l zigongane. Hakuna aliyetupiga wala kutunyima chakula. Ila tulijifunza kusema kidogo, na tulijifunza kuchagua maneno yasiyokuwa na herufi hizo, ustadi ambao hadi leo hatujui kama ni wa kujivunia. Mwenzetu mmoja alianza kusema kwamba kwao ni Tabora.

Maandiko Matakatifu yanaijua habari hii ya lafudhi. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi waliziba vivuko vya Yordani na kumtaka kila apitaye atamke neno moja tu. Ulimi ulioshindwa kulitamka ulimtambulisha Mwefraimu, naye akauawa papo hapo, hata ikafika hesabu ya watu 42,000. Na usiku ule wa mateso ya Bwana wetu, Petro alitambuliwa kando ya moto kwa usemi wake wa Kigalilaya. Huwa tunahubiri juu ya woga wa Petro, na ni haki. Mara chache tunahubiri juu ya wale waliomzunguka, ambao kwao lafudhi ya mashambani ilitosha kuwa ushahidi. Watu wa mkoa wetu wamelalamika mara nyingi, hata bungeni, kwamba raia halali wa Kigoma husimamishwa na kutakiwa athibitishe Utanzania wake kwa sababu ya usemi na sura. Kicheko cha kwenye sinema na swali la afisa barabarani havikai mbali sana.

Picha hii ilitoka wapi? Haikuzuka Dar es Salaam kwa watunzi wa filamu, waliikuta. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na chini ya utawala wa Waingereza mkoa huu ulitendewa kama ghala la nguvu kazi. Haukuhimizwa kulima mazao makubwa ya biashara kama kahawa ya Kilimanjaro. Ulitakiwa kutoa vijana. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha chombo chao cha kuajiri, SILABU, kilichokusanya watu kutoka Buha, kutoka Burundi na sehemu nyingine za mbali, na kuwapeleka hasa Tanga. Huko waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Zingatieni hilo, wapendwa: mtu alitoka Kasulu akiwa na jina alilopewa na baba yake, na pengine jina la ubatizo, akafika shambani akawa namba. Aliyemwona pale akikata mkonge, mgeni wa lugha ya pwani, mwenye nguo moja, akadhani ameona kabila zima. Mashamba mengi yamekwisha kufa. Picha imebaki.

Wageni nao walikuja na kamera zao. Wazee mnakumbuka, na vijana mmesimuliwa, habari za meli yetu Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapandishwa treni na kuunganishwa upya hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kutokana na vita vile vya ziwani, Mwingereza C. S. Forester aliandika riwaya mwaka 1935, na mwaka 1951 John Huston akaifanya filamu, The African Queen, iliyompatia Humphrey Bogart tuzo ya Oscar.

Filamu hiyo inaanza kanisani, ndiyo maana inatuhusu kwa namna ya pekee. Ni kanisa la misioni ya Kimethodisti, katika kijiji cha kubuni, mwaka 1914. Mchungaji Mwingereza anaimba, dada yake anapiga kinanda, na waamini Waafrika wanatoa sauti zisizo wimbo wala maneno, kelele tu, kana kwamba hawajawahi kusikia muziki tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Kisha nje linatupwa kipande cha sigara, na watu wanakigombania. Baadaye kijiji kinachomwa moto, na tangu hapo wenyeji wanatoweka karibu kabisa. Hadithi inaendelea bila wao. Sisi ambao tumesikia kwaya za parokia zetu zikiimba sauti nne bila kinanda chochote, hatuna haja ya kuijibu picha ile. Lakini linalotuumiza ni kile kilichoachwa nje. Katika historia ya kweli, mwaka 1915, Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, kisha kwa kuburutwa katika milima ya Mitumba huko Kongo hadi ziwani. Ni nani aliyekata miti, akajenga madaraja, akavuta kamba? Ni maelfu ya vibarua Waafrika. Ingekuwa sinema ya ajabu. Haikupigwa.

Na hata pale ambapo mgeni alikuja kwa upendo wa kweli, kamera ilikuwa na mazoea yake. Marehemu Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alifika Gombe mwezi Julai 1960, na filamu nyingi zimeufahamisha ulimwengu juu ya binti mzungu aliye peke yake msituni na sokwe. Hakuwa peke yake. Alikuwa na mama yake, alikuwa na mpishi Dominic, alikuwa na Rashidi Kikwale aliyemwongoza mabondeni; yeye mwenyewe amewataja katika vitabu vyake. Wanafunzi wanne wa utafiti walipotekwa na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa mwaka 1975 na wageni wakaondoka, ni watafiti wasaidizi Watanzania walioendelea kuwafuata sokwe na kuandika kumbukumbu siku kwa siku. Hapa tusiseme mengi. Mwenye kosa siye mama yule.

Mtu mmoja wa parokia hii, ambaye kijana wake anaishi Marekani, alituuliza kama Wamarekani nao wana "Waha" wao. Wanao, na wengi wao ni Wakatoliki wenzetu: watu wenye asili ya Mexico, Puerto Rico na nchi nyingine zinazosema Kihispania. Wengi wetu tumewajua kwa njia mbili zisizopatana. Katika tamthilia ndefu za Mexico na Venezuela zilizoteka majumba ya Afrika Mashariki miaka ile ya 2000, tuliwaona wenye majumba ya kifahari wakilia kwa mapenzi. Katika filamu za Hollywood watu hao hao ni mfanyakazi wa ndani, mtunza bustani, mpenzi mwenye hasira, au muuza dawa za kulevya mwenye bunduki. Katika West Side Story ya mwaka 1961, habari ya vijana wa Puerto Rico mjini New York, msichana mkuu aliigizwa na Natalie Wood, mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi. Rita Moreno, mzaliwa halisi wa Puerto Rico, alipata Oscar kwa filamu hiyo, lakini hata yeye alipakwa rangi nyeusi kuliko ngozi yake, maana watengenezaji waliamua kwamba watu wa Puerto Rico sharti wawe na rangi moja. Alieleza baadaye jinsi jambo lile lilivyomchoma.

Aliyetugusa zaidi ni Lupe Ontiveros, aliyefariki mwaka 2012. Alizaliwa Texas kwa wazazi kutoka Mexico, akasoma chuo kikuu, akafanya kazi ya ustawi wa jamii kabla ya kuwa mwigizaji. Kiingereza chake kilikuwa cha mzaliwa wa Marekani. Hata hivyo alikadiria kwamba aliigiza mfanyakazi wa ndani mara zipatazo 150, na mara nyingi alitakiwa avunje Kiingereza kwa makusudi, la sivyo kazi ingepewa mwingine. Mara 150! Fikirini mtu analipwa ili ajifanye hawezi kusema. Tuliposoma habari hiyo tuliyakumbuka mabenchi yale ya seminari, na mwenzetu aliyehamia Tabora kwa maneno. Na tulipomwona Papa Leo XIV, mzaliwa wa Chicago, tarehe 8 Mei 2025, akisimama kwenye roshani ya Basilika la Mtakatifu Petro, akiacha Kiitaliano kwa muda mfupi ili awasalimu kwa Kihispania waamini wa jimbo lake la zamani la Chiclayo, Peru, tulifikiri juu ya wale wafanyakazi wa ndani wote wa sinema waliokuwa wanachekwa kwa lugha hiyo hiyo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, haukuwapa wajibu watengenezaji wa filamu peke yao; ulitaja pia wajibu wa mtazamaji. Ni sehemu ambayo huwa tunaipita haraka, kwa kuwa inatukuta tumekaa kwenye kiti.

Sasa turudi uwanjani kwetu. "Mkongo" yule aliyetuvunja mbavu alitokea wapi? Hakuna mji katika Tanzania ambao ungestahili kuona aibu kuliko wetu. Wamanyema wa Ujiji, ambao bila wao Ujiji si Ujiji, asili yao ni ng'ambo ya ziwa. Mababu zao walikuja na misafara ya pembe na ya watumwa katika karne ya 19, wengine wakiwa wapagazi, wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Wabembe na Wagoma wako pande zote mbili za maji. Wanaovua migebuka usiku huonana taa kwa taa. Mwaka 1997 Liemba hiyo hiyo iliwarudisha kwao Wakongo kwa makumi ya maelfu, na mwezi Mei 2015 iliwabeba Warundi waliokuwa wamerundikana ufukweni Kagunga, kipindupindu kikiwaua, ikawaleta mjini hadi Uwanja wa Lake Tanganyika. Akina mama wa parokia zetu waliwapikia uji. Tuliona kwa macho yetu. Mikono ile iliyokoroga uji, mingine yake ilipiga makofi juzi, "Mkongo" alipoingiza vidole mfukoni mwa mwenye duka. Sisi tunaochekwa Dar es Salaam tulikuwa tumejitafutia wa kumcheka.

Mama wa Kibirizi alitupokea vizuri. Alituwekea viti nje, kivulini, karibu na nyavu anapoanika dagaa, akatuletea chai. Tulianza kujieleza kwa maneno mengi, kama tulivyozoea. Akatusikiliza, kisha akasema:

"Baba, mimi sikuchukia kwa ajili ya mwizi. Wezi wapo. Hata kule kwetu walikuwapo, na mmoja aliniibia mtumbwi siku nilipouhitaji kuliko siku zote. Lakini mwenye duka aliitwa Mzee Ntibashima. Binti yake aliitwa Neema. Hata mbuzi alikuwa na jina. Yule peke yake aliitwa Mkongo, tangu mwanzo mpaka mwisho."

Tulikaa kimya. Alikuwa amesema kweli: mbuzi alikuwa na jina, na sisi hatukuona.

Tukamuuliza habari za mtoto. Alituambia kwamba usiku ule wa sikukuu, walipokuwa wanarudi nyumbani, mtoto alimwomba asimwite tena kwa Kibembe sokoni, mbele ya wenzake. Kesho yake akamwomba asimsindikize kanisani. Ana miaka 12, amezaliwa hapa hapa Kigoma, na altareni ndiye anayejua kutunza chetezo kuliko wenzake wote. Katika igizo lile wenzake wawili wa utumikiaji walikuwa wamepewa sehemu ndogo, na tangu siku hiyo wamekuwa wakimwiga yule "Mkongo" kila wanapomwona, suruali juu, mkono mfukoni. Kwa mzaha tu, walisema tulipowaita. Tuliwaamini. Na wale wa mabenchi ya seminari walikuwa na mzaha tu.

Injili ya Yohane inatuambia kwamba Nathanaeli, aliposikia habari za Yesu, aliuliza kama Nazareti panaweza kutoka kitu chochote chema. Alikuwa Mgalilaya mwenzake, mtu wa Kana, mwendo wa saa chache tu. Wagalilaya nao walikuwa wakidharauliwa Yerusalemu, na bado walikuwa na kijiji chao cha kudharau. Filipo hakubishana naye. Alimwalika aje ajionee. Na alipofika, Bwana wetu alimtangulia kwa kumsifu, akimwambia kwamba alikuwa amemwona chini ya mtini. Alikuwa ameonwa mmoja mmoja, yeye na mti wake. Tumeisoma sehemu hii mara nyingi bila kugundua ni nani aliyekuwa na lafudhi gani.

Jumatano tuliwakutanisha vijana wa igizo na kuwaeleza. Hatukuwakaripia, tungewakaripia kwa uso gani? Kijana aliyeigiza "Mkongo" alibaki ameinama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yeye mwenyewe anaweza kwenda kumwona mama yule. Alikwenda siku ya Alhamisi akiwa na wenzake watatu. Walitarajia kuambiwa waiondoe sehemu ile. Mama alikataa isiondolewe. Alisema mwizi na abaki mwizi kama hadithi inamtaka, ila apewe jina, apewe mke anayemgombeza, na aseme mwenyewe kwa nini alivuka ziwa, kwa maana hakuna anayevuka ziwa lile usiku kwa kupenda. Kisha, wanatuambia vijana, aliwasahihisha Kibembe chao jioni nzima, na hapo ndipo yeye alipocheka.

Igizo litaonyeshwa tena Jumapili ijayo, baada ya Misa ya pili, uwanjani pale pale. Wenye viti vya plastiki tunaombwa tuje navyo, kwa maana vile vya parokia vimeazimwa kwa msiba. Jina alilolichagua mama kwa ajili ya mtu yule vijana wamekataa kutuambia. Mtoto bado hajarudi altareni.